Nyama ya Ng'ombe ya Chumvi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Namna ya Kuipika

Mwezi Machi ukikaribia, maduka ya vyakula ya Marekani hujaza friji zao mifuko ya plastiki yenye kipande cha nyama nyekundu kinachoelea kwenye maji ya chumvi. Bei hushuka kwa sababu ya sikukuu ya Mtakatifu Patrick, ile ya watu wa asili ya Ireland, tarehe 17, na sisi tunaopenda nyama ya bei poa tunabeba. Kisha simu zinaanza: "Dada, nimenunua ile nyama iliyoandikwa corned beef, sasa naifanyaje?" Maswali ni yale yale kila mwaka, kwa hiyo nimeyaandika hapa na majibu yake. Nimeyapa namba ili nisirudie jambo moja mara mbili.

## Kwanza tuielewe nyama yenyewe

1. Hii ni nyama gani hasa?

Ni kidari cha ng'ombe, yaani nyama ya kifuani, kilicholowekwa siku kadhaa kwenye maji ya chumvi na viungo. Neno "corn" lililo kwenye jina lake halihusiani na mahindi. Katika Kiingereza cha zamani lilikuwa na maana ya punje yoyote, na hapa ni punje kubwa za chumvi zilizotumika kuhifadhia nyama. Mji wa Cork, Ireland, ulisafirisha mapipa kwa mapipa ya nyama hii katika karne ya 17 na ya 18, ingawa raia wengi wa huko hawakuimudu; wao walikula nguruwe. Walipohamia New York karne ya 19 ndipo wakakuta kidari cha chumvi kwenye mabucha ya Wayahudi, kwa bei waliyoiweza.

Cha kushika ni hiki: kifua cha ng'ombe kinabeba uzito siku nzima, kwa hiyo nyama yake imejaa kolajeni, kile kitu kinachofanya supu ya makongoro inate midomoni. Kolajeni haiogopi moto mkali. Inalainishwa na joto la wastani, unyevu na saa nyingi. Karibu majibu yote yanayofuata yanatoka hapo.

2. Kwani si ndiyo ile nyama ya kopo?

Ni ndugu, si pacha. Ya kopo imekwisha kuiva kiwandani na imesagwasagwa. Hii ya mfuko ni mbichi na ni kipande kizima. Ukiambiwa "pika saa tatu" na wewe una kopo mkononi, ruka moja kwa moja hadi swali la 17.

3. Mbona inabaki nyekundu hata ikiiva? Wamepaka rangi?

Hapana. Maji ya kulowekea huwa na nitriti ya sodiamu kidogo, ambayo hushikana na protini inayoipa nyama wekundu wake na kuifunga rangi isibadilike kuwa kahawia. Pia huzuia vijidudu vya hatari. Matokeo yake ni kwamba huwezi kutumia rangi kujua kama nyama hii imeiva. Njia ya kujua iko swali la 12.

4. Ni halali? Kuna nguruwe ndani?

Kwa asili ni ng'ombe tupu. Halali au si halali inategemea mnyama alivyochinjwa, kwa hiyo tafuta nembo kwenye mfuko au nenda bucha la halali. Wengi huuza kidari kibichi, nawe ukakiloweka mwenyewe (swali la 18). Angalia pia mapishi unayoyafuata: mengi ya huku yanasema mimina chupa ya bia nyeusi. Weka maji au supu ya mifupa mahali pake, hutakosa kitu.

5. Dukani kuna vipande viwili tofauti, nichukue kipi?

Kidari hukatwa mara mbili. Kuna upande bapa, ulionyooka, wenye tabaka moja la mafuta juu. Na kuna upande mnene, umevimba kama nundu, mafuta yamepita katikati ya nyama. Bapa unakatika vipande vizuri vya kupanga kwenye sahani au mkate, lakini ukizembea unakauka. Mnene hauna sura, ila ni mtamu zaidi na unasamehe makosa. Kama ni mara yako ya kwanza, au unapikia familia isiyojali sura, chukua mnene.

Nunua zaidi ya unavyodhani. Nyama hii hupungua vibaya: kilo moja na nusu mbichi inaweza kukuachia kilo moja hivi ya kuliwa.

6. Nioshe tu, au niloweke?

Aliyewahi kupika papa mkavu au ng'onda anajua jibu. Maji ya mfukoni mwaga, usiyafanye supu. Suuza nyama kwa maji baridi pande zote. Baada ya hapo inategemea njia utakayotumia. Ukiipika ndani ya maji mengi, kusuuza kunatosha, kwa sababu chumvi itatoka yenyewe kuingia kwenye maji. Ukiipika kwa maji kidogo au bila maji, yaani oveni kavu au moshi, iloweke kwenye maji baridi ndani ya friji saa 8 hadi usiku mzima, ubadilishe maji mara mbili au tatu.

Kosa hili nalijua kwa uchungu. Mwaka wangu wa kwanza huku niliitoa mfukoni, nikaipaka viungo na kuitia oveni kama nyama ya kawaida. Ilitoka na rangi ya kupendeza. Wageni wangu wakala kipande kimoja kimoja kwa adabu, halafu jagi la maji likazunguka meza nzima hadi saa tano usiku.

## Kuchagua njia

7. Nijibu kwa kifupi: njia ipi ni bora?

Kwangu mimi ni sufuria la kawaida, maji mengi, moto mdogo. Unaonja, unaona, unarekebisha, na chumvi ina pa kwenda. Lakini swali zuri zaidi ni kwamba una muda gani, na unataka kuikata au kuichambua. Una saa mbili hivi: sufuria ya presha. Unakwenda kazini na kurudi jioni: sufuria ya umeme ya kupika polepole. Unataka juu pawe na ngozi ya kahawia yenye utamu: oveni. Una Jumamosi nzima na jiko la moshi: swali la 11.

8. Kwenye sufuria la kawaida nafanyaje?

Weka nyama, upande wa mafuta uwe juu, mimina maji baridi hadi yaizidi kwa vidole viwili. Tia kile kifuko kidogo cha viungo kilichokuja nayo. Mara nyingi ni haradali, mbegu za giligilani, pilipili manga na karafuu. Kama hakimo, tia vya kwako pamoja na kitunguu na kitunguu saumu. Chumvi usiguse.

Washa moto hadi maji yaanze kuchemka, engua povu, kisha punguza. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Maji yasichemke kwa kishindo. Tazama ukingo wa sufuria: unataka viputo vidogo vinavyopanda kimoja kimoja, kama soda iliyokaa dakika kumi kwenye glasi, na uso wa maji ukitikisika kidogo tu. Maji yakigalagaza nyama, nyuzi zinajikaza na kukamua unyevu wake kabla kolajeni haijayeyuka, nawe unapata nyama ngumu na kavu ingawa imekaa majini.

Kadiria saa moja kwa kila pauni, yaani kila gramu 450. Kipande cha kilo moja na nusu kinataka saa tatu na kitu. Kifunike, ukiache mwanya kidogo, na uongeze maji ya moto yakipungua. Nusu ya safari onja maji. Yakiwa makali kama ya bahari, mwaga nusu na ujaze mapya ya moto.

9. Na oveni?

Oveni inafaa, mradi usiitumie kukausha. Weka nyama kwenye chombo chenye kina, mafuta juu, tia maji ya kimo cha sentimita 2 au 3, funika kwa foili ukibana kingo zote mvuke usitoroke. Joto liwe 325 za Fahrenheit, ambazo ni kama 163 za Selsiasi. Muda ni ule ule wa saa moja kwa pauni.

Ikishalainika ondoa foili, ipake haradali iliyochanganywa na asali au sukari guru, irudishe kwenye joto la 400 za Fahrenheit kwa dakika 10 hadi 15. Usiondoke jikoni, sukari huungua ghafla. Kwa kuwa maji ni machache, kulowesha kwanza ni lazima (swali la 6).

10. Nina sufuria za umeme, ya polepole na ya presha. Nitumie ipi?

Zote mbili zinafaa, na zinatoa nyama tofauti kidogo.

Ya polepole: panga viazi na karoti chini, nyama juu, maji ya kuifikia nusu au zaidi. Moto wa chini saa 8 hadi 10. Kipande kikubwa kinaweza kufika 12. Inatoka laini sana, mara nyingi ya kuchambuka kwa uma, kwa hiyo ni nzuri kwa mikate na si nzuri sana kwa vipande vyembamba vya kupanga. Usiweke nyama iliyoganda kwa barafu; itachelewa mno kupita kwenye joto linalopendwa na bakteria. Na usifunue funua mfuniko, kila ukifunua unajiongezea muda.

Ya presha: kilo moja na nusu, maji ya kuifunika, dakika 85 hadi 90 baada ya presha kupanda. Kisha izime na uiache ishushe presha yenyewe dakika 15 hadi 20. Ukifungua mvuke kwa pupa, maji yaliyomo ndani ya nyama huchemka ghafla na nyama hukaza. Kabichi usipike pamoja nayo labda kama unaipenda ikiwa uji.

11. Naweza kuipika kwa moshi?

Unaweza, na ukifanya hivyo umeikaribia pastrami, ambayo nayo mara nyingi ni kidari cha chumvi kilichopakwa pilipili manga na giligilani, kikapigwa moshi, kisha kikamaliziwa kwa mvuke. Iloweke usiku mzima, ikaushe kwa kitambaa, ipake pilipili manga na giligilani zilizopondwa kwa wingi, bila chumvi. Moshi wa joto la 225 hadi 250 za Fahrenheit. Ikishakuwa na ukoko mweusi, ifunge kwa foili na maji kidogo, au ihamishie kwenye chombo cha mvuke, imalize kulainika. Hesabu saa 8 au zaidi.

Wanaouliza kama wanaweza kuikata mishikaki na kuiweka kwenye mkaa, jibu ni hapana. Utatafuna hadi taya liume. Mishikaki inataka nyama laini tangu mwanzo.

## Kuiva, kukata na mambo yaliyoharibika

12. Nitajuaje kama imeiva?

Kuna kuiva kwa usalama na kuiva kwa meno. Kwa usalama, mamlaka za chakula za Marekani zinataka katikati ya kipande pafike 145 za Fahrenheit, yaani 63 za Selsiasi, kisha kipumzike dakika 3. Ukiila wakati huo itakuwa salama, na itakuwa mpira. Ulaini unakuja kwenye 190 hadi 205, sawa na 88 hadi 96 za Selsiasi.

Usipokuwa na kipimajoto, tumia uma. Uchome sehemu nene zaidi na uuzungushe kidogo. Ukiingia na kutoka kama kwenye muhogo ulioiva, zima. Ukiinua uma na nyama inapanda nayo, bado.

13. Nimepika saa tatu kamili na bado ngumu. Nimeharibu?

Hujaharibu, umeacha njiani. Vipande havifanani, ng'ombe mmoja si sawa na mwingine. Endelea dakika 30, pima tena. Nyama ngumu ya aina hii kwa kawaida inadai muda zaidi, si moto zaidi.

Kama unaishi mahali pa juu, jua kwamba maji yanachemka kabla ya kufikia digrii 100. Nairobi ni karibu 94, Denver karibu 95. Unaweza kuongeza hata saa nzima kwenye sufuria la kawaida. Huko sufuria ya presha inastahili bei yake.

14. Imekuwa na chumvi mno na wageni wako njiani. Nifanyeje?

Ikate vipande, itie kwenye maji safi ya moto yasiyo na chumvi, itokote dakika 10 hadi 15, mwaga maji. Kisha fanya vilivyo pembeni viwe pooza kabisa: viazi bila chumvi, kabichi bila chumvi, ugali ambao kwa asili hauna. Ule uvumi wa kiazi kinachonyonya chumvi usiutegemee. Kiazi kinanyonya maji ya chumvi, lakini yanayobaki yana ukali ule ule.

Mwenye shinikizo la damu, au aliyeambiwa na daktari apunguze chumvi, asidanganywe na kulowesha. Inapungua, haiishi. Kipande kidogo, au aachane nayo.

15. Naikata vipi?

Iache ipumzike dakika 15, ukiwa umeifunika. Kisha tazama mistari ya nyuzi inavyokwenda, na kisu kiikingame. Ukikata kufuata nyuzi, nyama iliyoiva barabara itakuwa kama kamba mdomoni. Upande mnene una tabaka mbili zenye nyuzi zinazokwenda pande tofauti, kwa hiyo ukifika katikati simama, geuza kipande, endelea. Kwa vipande vyembamba sana, ipoze kwenye friji usiku kucha, ikate ikiwa baridi, uipashe moto kwenye supu yake.

16. Kabichi na viazi naweka saa ngapi?

Mwishoni. Viazi na karoti dakika 30 za mwisho, kabichi 15. Mimi huitoa nyama kwanza ipumzike, halafu napika mboga kwenye maji yale yale, nikiyaonja kwanza. Kwenye sufuria ya polepole ni tofauti, tazama swali la 10.

## Kopo, kutengeneza nyumbani na mabaki

17. Nyama ya kopo ipikwe vipi?

Haihitaji kupikwa, inahitaji kupewa sura. Wakazi wa Dar es Salaam wanaujua uwanja wa Tanganyika Packers pale Kawe. Jina hilo ni la kiwanda kilichokuwa kikitengeneza nyama ya kopo. Kenya nayo ina Kenya Meat Commission ya Athi River, iliyoanzishwa mwaka 1950. Kwa hiyo kwetu si kitu kigeni, ni vile tu tunakionea aibu.

Njia bora ni kikaango. Weka kopo kwenye friji saa moja ili nyama ishikane, lifungue upande mpana, iteleze nje nzima; lile umbo la kopo linalobana upande mmoja, lililobuniwa Chicago mwaka 1875, lilikuwa kwa ajili hiyo. Kaanga vitunguu na hoho kwa mafuta kidogo sana, tia nyanya zikauke, ndipo utie nyama. Usiikoroge. Iache ishike chini kidogo, igeuze mara moja. Chumvi tayari imo.

Kopo lililovimba, linalovuja au lililobonyea kwenye maungio, tupa bila kuonja. Mwaka 1964 zaidi ya watu 400 wa Aberdeen, Scotland, waliugua homa ya matumbo iliyotokana na nyama ya kopo kutoka Argentina. Makopo yalikuwa yamepozwa kwa maji ya mto yasiyotiwa dawa, na tundu dogo lilitosha.

18. Naweza kuiloweka mwenyewe?

Ndiyo, na kwa aliye Mombasa au Mwanza huenda ndiyo njia pekee. Kidari cha kilo 2, maji lita 4, chumvi gramu 300, sukari gramu 100 hivi, viungo. Chemsha maji, poza hadi yawe baridi kabisa, zamisha nyama, weka kwenye friji siku 5 hadi 7 ukiigeuza kila siku. Juu ya meza usiache hata usiku mmoja.

Bila nitriti itaiva na rangi ya kijivu. Si kasoro, watu wa Boston na New England kwa jumla wana mila ya kuila hivyo hivyo. Ukitaka nyekundu, inatumika chumvi maalum ya kuhifadhia nyama yenye nitriti asilimia 6.25, gramu 2.5 kwa kila kilo ya nyama na maji vikijumlishwa. Kwa vipimo vya hapo juu ni gramu 15. Pima kwa mizani, si kwa kijiko, na ihifadhi mbali na chumvi ya mezani, maana ikizidi ni sumu. Na ile chumvi ya pinki ya Himalaya ni chumvi tu ya kawaida. Rangi imewafananisha, kazi haiwaunganishi.

19. Mabaki yanakaa muda gani, na niyafanyie nini?

Yaingie friji ndani ya saa mbili baada ya kuzima moto. Siku 3 hadi 4 kwenye friji, miezi 2 au 3 kwenye friza. Yahifadhi na supu yake kidogo yasikauke.

Waamerika huyakatakata na viazi vilivyochemshwa, wakayakaanga hadi yashike ukoko, yai juu. Ni kifungua kinywa kizuri. Mimi vile vipande vilivyochambuka, ambavyo havifai kuwekwa mbele ya mgeni, navitia kwenye kisamvu cha nazi dakika kumi kabla ya kuepua, bila kuongeza chumvi hata punje. Kuna mwaka nilinunua nyama mbili, moja ya sikukuu na moja kwa ajili ya kisamvu tu.